Kocha, Mikono Nyuma

Juma lililopita nesi wa kliniki moja ya Upper Hill, Nairobi, alinipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti ili anitoe damu, na kabla sindano haijaingia nikawa nimerudi Muthangari, Ijumaa jioni, mezani kwetu, Mama akisugua kinyago chake. Nesi aliponiona nimetulia sana aliniuliza kama naogopa sindano. Nikamwambia siogopi, ila naomba kuona pakiti ilimotoka ile sindano. Akanionyesha. Nikaisoma pande zote mbili. Ndivyo nilivyo. Nikinunua mayai huyatikisa moja moja karibu na sikio, na fundi akiniambia kifaa fulani cha gari kimekufa, huwa nataka nikione kikiwa maiti. Wenzangu waliachiwa mashamba. Mimi niliachiwa shaka, na najua niliipata wapi.

Kile kinyago kilikuwa cha nyaya nene nyeusi, na ndani kilikuwa na vimto vya ngozi pale kinapogusa paji la uso na kidevu. Kilikuwa kimevaliwa na watu wengi kabla ya kumfikia Mama, naye hakuamini jasho la mtu asiyemjua, kwa hiyo kila Ijumaa alivimwagia vile vimto spiriti na kuvisugua mpaka macho yetu yakatoa machozi. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza nikifanya hesabu za shule. Harufu ile ikishika nyumba, nilijua kesho ni Jumamosi, na Jumamosi Mama atatukanwa na watu wazima mbele ya rafiki zangu wote.

Mama alikuwa mwamuzi wa besiboli. Najua linavyosikika, na hata wakati ule lilisikika hivyohivyo. Majirani waliuita mchezo wetu rounda, ule wa watoto wa kurusha mpira na kukimbia, wakashangaa mama wa watu, Mkamba aliyeokoka na mwenye kazi ya ofisini, anakimbiza nini huko na watoto. Jambo lenyewe lilianzia kanisani. Mgeni fulani alikuja na masanduku ya glavu na magongo, akatufundisha vijana wa Sunday school, akarudi kwao akatuachia vifaa. Zikazaliwa timu chache za watoto wa mitaa ya upande wetu, na kila Jumamosi asubuhi tulikutana kwenye uwanja wa shule moja karibu na Kitisuru, wenye udongo mwekundu ambao haukutoka kwenye soksi hata ukisugua kwa jiwe.

Kwa asiyeujua mchezo huu, atosheke na haya. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anasimama na gongo kando ya kibao cheupe kilicholazwa chini. Nyuma ya mpigaji anachutama mdakaji, na nyuma ya mdakaji anachutama mwamuzi, ndiye anayeamua. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, naye asiupige, au akirusha gongo akaukosa, hiyo ni straiki, na ukipata straiki tatu umetoka. Ukipita pembeni ni boli, na boli zikifika nne unatembea bure hadi kituo cha kwanza. Hakuna kamera wala mstari wa kupima. Kuna jicho la mtu mmoja, na neno lake likishatoka halirudi. Unaweza kuona basi kwa nini makocha walikuwa wanapandwa na wazimu.

Mwamuzi wetu wa kwanza alikuwa kijana wa kwaya. Hakudumu. Makocha walimzunguka kila baada ya dakika chache wakimwonyeshea vidole, hadi asubuhi moja akavua kinyago, akakilaza juu ya kibao kama anayeweka shada la maua, akatoka langoni bila kuaga mtu. Mchungaji alipouliza baada ya ibada nani atachukua nafasi yake, watu waliangalia viatu vyao. Mama akainua mkono. Alifanya kazi ofisi moja ya Upper Hill, kwenye kaunta ya malalamiko, Jumatatu hadi Ijumaa.

"Kama kazi ni kupigiwa kelele," akasema, "hiyo tayari naijua."

Naye aliijua kweli. Namkumbuka Kocha Wafula, baba mnene aliyefundisha timu ya upande wa pili wa bonde, akija mbio huku tumbo likimtangulia. "Refa! Refa, macho umewacha kwa nyumba?" Mama hakumwendea wala hakurudi nyuma. Alivua kinyago kwanza. Alishaniambia kwamba mtu hachoki kuyatukana machuma, lakini akiuona uso wa mtu huchoka upesi. Kisha alisema bila kututazama, "Watoto kando," na sisi sote tuliokuwa karibu, mpigaji, mdakaji na aliyengoja zamu, tulisogea hadi kwenye benchi, kwa sababu hakutaka watoto wasikie watu wazima wakipoteza adabu. Halafu akasema lile neno lililomfanya ajulikane mpaka Kangemi.

"Kocha, mikono nyuma."

"Mikono imefanya nini sasa?"

"Ndiyo inaongea sana. Mimi nataka kusikia mdomo."

Kocha Wafula alifunga mikono nyuma ya mgongo, na papo hapo nusu ya maneno yake yakapotea, maana alikuwa mtu wa kuongea kwa mikono. Mama alimwacha aseme yaliyobaki mpaka akakauka. "Umemaliza?" Amemaliza. "Nimekusikia. Mtoto ametoka." Basi. Akirudia, Mama alichora mstari kwenye udongo kwa ncha ya kiatu, akamwambia kwamba akiuvuka ataenda kukaa kwa tangi. Tangi lilikuwa lile jeusi la maji karibu na lango, na chini yake kulikuwa na tofali ambalo kila kocha wa mitaa yetu alishalikalia. Mechi ikiisha, Mama alichukua thamosi yake ya chai na kwenda kumnywesha aliyemfukuza. Hakuna kocha aliyefukuzwa na Mama akanyimwa chai. Baadaye nilielewa kwamba wengine waliuvuka ule mstari makusudi, hasa Julai, baridi ikizidi.

Alikuwa na silaha nyingine, brashi ndogo kama ya viatu aliyoiweka mfuko wa nyuma. Hiyo ilikuwa ya kufagilia kibao kikifunikwa na vumbi. Kelele zikipanda mno aligeuza mgongo, akainama, akafagia polepole, na mtu anayegombana na mgongo wa mama aliyeinama na brashi mwishowe huona haya. Niliamini hiyo ndiyo kazi yake yote.

Halafu akaja Kocha Njoroge.

Kocha wetu wa zamani alihamishwa kikazi, na huyu akachukua timu yetu mwanzoni mwa msimu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kangemi, pikapu nyeupe, na kucha zenye rangi ya mafuta isiyotoka. Mkewe alikuwa amemwacha, au yeye ndiye aliyemwacha mkewe, habari zilikuwa za namna mbili na mimi sikuamini hata moja. Alikuwa mpole, na hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vibaya. Makocha wote niliowajua walikuja mbio. Yeye alikuja akitembea, kofia kichwani, na mikono alikuwa ameshaiweka nyuma mwenyewe kabla hajaambiwa. Mtu anayetii amri ambayo haijatolewa ana lake jambo.

Mama alivua kinyago. "Watoto kando," akasema, nami nikaenda benchini na gongo langu. Kutoka huko nikaangalia. Ukiwa mbali, mwanamume aliyefunga mikono nyuma, ameinamisha kichwa, anaongea polepole na mwanamke anayejitengeneza nywele zilizovurugwa na kinyago, haonekani kama mtu aliyekuja kulalamikia mpira. Mama hakumuuliza kama amemaliza. Hakumwambia amemsikia. Alimsikiliza, akaangalia chini, kisha akatoa brashi na kuinama kufagia kibao. Nilikuwa nimetoka pale sasa hivi. Kibao kilikuwa kinang'aa.

"Mueni," akaniambia rafiki yangu Akinyi, aliyekuwa anakaa nami benchini na kula miwa hata wakati wa mechi, "huyo msee anakatia mathako."

"Wacha upuzi. Nani anaweza kumtongoza Mama?"

"Si uangalie. Kocha gani huongea na refa akiangalia viatu?"

Akinyi hakujua alichopanda. Baba yangu alikufa kabla sijajua kutembea, na nilimjua kwa picha ya ukutani tu, amevaa suti na anacheka na mtu aliye nje ya picha. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili. Nilijua sauti ya viatu vyake kwenye ngazi, nilijua akivua sketi ya ofisi ataimba pambio lipi. Shangazi zangu walipokuja kutoka Machakos walinong'ona jikoni kwamba bado ni mdogo, asikae hivihivi, na mimi sebuleni nilipunguza sauti ya televisheni ili nisikie anajibu nini. Alikuwa habishi wala hakubali, alinyamaza tu. Kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko jibu lolote. Hakuwahi kuolewa tena, nitangulize hilo ili mtu asikae hapa akingoja harusi. Lakini mwaka ule sikujua, na nilikuwa nalala nikimsikiliza.

Nikaanza kukusanya ushahidi. Kocha Njoroge alitupa lifti mvua iliponyesha, na akamfungulia Mama mlango wa pikapu kwa nje, akisema umeharibika kwa ndani. Wakati wa kushuka niliujaribu ule mlango kwa ndani. Ulifunguka vizuri kabisa. Alituletea maparachichi kwenye kiondo, akasema ni mengi kwake, yangeoza. Nikayakagua, hakuna hata moja lililokuwa limekaribia kuoza. Na ushahidi mkubwa kuliko wote niliupata Jumamosi moja Mama alipovua kinyago kumsikiliza, jua likampiga upande, kitu kikameta. Alikuwa amevaa hereni. Hereni ndogo za rangi ya dhahabu, zile za Krismasi. Sasa niambieni, ni nani anayevaa hereni ndani ya kinyago cha chuma?

Lakini lililoniuma zaidi ni jingine. Niligundua kwamba Kocha Njoroge hakuja kwa Mama kwa ajili ya mchezaji mwingine yeyote. Akinyi alipewa straiki ya wazimu, akanyamaza. Wengine walitolewa, akawapigia makofi akawaambia pole. Alikuja nikiwa mimi tu ndiye ninayepiga. Na zamu yangu ilikuwa na kioja chake. Mazoezini nilikuwa naupiga mpira mpaka unaingia kwenye ua wa majirani. Jumamosi, Mama akiwa nyuma yangu, mipira iliyopita mbali nami, ile ambayo hata gongo lisingeifikia, nilisikia sauti yake imekauka: "Straiki." Nikaanza kushuku macho yangu. Kocha akanishika bega mazoezini akasema, "Mueni, macho yako ni mazuri sana. Usibadilishe kitu." Nikaona ananipaka mafuta ili anipitie mimi kwenda kwa Mama.

Basi akili yangu ya utotoni ikafunga hesabu, na niliona imefunga sawasawa. Mama ananipa straiki za uongo ili Kocha apate sababu ya kuja. Mimi ndiye mlango wao. Kila ninapotolewa, wao wanapata dakika zao mbili katikati ya uwanja, mbele ya watu wote na bila mtu kuwashuku. Isipokuwa mimi. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hasira ya mtu anayetumiwa na anayempenda.

Nikachukua mkoba wangu wa shule, nikaweka sketi, sweta, nguo za Jumapili na glavu yangu, nikausukuma chini ya kitanda. Likizo ya Agosti ilikuwa inakaribia, na kila mwaka nilienda kwa Susu, nyanya yangu, Machakos. Safari hii nilipanga nikienda nisirudi. Waishi wao wawili na maparachichi yao.

Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo tulicheza na timu ya Kocha Wafula. Kulikuwa na ile baridi ya Nairobi inayotulia kwenye magoti, ukungu umeshuka hadi kwenye miti ya ua wa shule, na wazazi walikuwa wengi nyuma ya wavu, wamejifunga leso na mablanketi. Nilipoingia kupiga, Mama alikuwa amechutama nyuma yangu na nilisikia harufu ya spiriti. Sikumgeukia. Tulikuwa hatujaongea vizuri siku kadhaa, nami nilikuwa najibu kwa kichwa tu.

Mpira wa kwanza ulikuja umepotea kabisa. Mdakaji alilala ubavu kuudaka. Hata Kocha Wafula, ambaye mrushaji alikuwa wake, alicheka.

"Straiki."

Kocha Njoroge akatoka benchini. Nikajisemea, ndio hao. Alikuja akitembea kama kawaida yake, lakini alipofika mikono yake ilikuwa wazi, imening'inia ubavuni.

Mama alivua kinyago. "Watoto kando. Kocha, mikono nyuma."

"Leo hapana, Mama Mueni."

Nilikuwa nimeshapiga hatua kuelekea benchini. Nikasimama.

"Nimekuja kwako msimu mzima na mikono nyuma," akasema, na sauti ile ya upole ilikuwa imepanda mpaka wenye mablanketi wakausogelea wavu. "Nimekuambia polepole, nimekuambia kwa heshima, na kila siku unafagia tu. Leo wacha wote wasikie. Hiyo straiki, ungeipatia mtoto wa mtu mwingine?"

"Kocha."

"Nakuuliza. Kuna mtoto mwingine kwa hii uwanja umewahi kumpatia hiyo? Unamwonea msichana wako ndio watu waseme wewe ni mwaminifu. Na yeye anadhani hajui kupiga."

 Mimi nilisimama pale na gongo nikiwaangalia mmoja baada ya mwingine, na ile hesabu yangu yote, pikapu, kiondo, hereni, ikaanza kumomonyoka upande mmoja. Kumbe ndiyo maneno waliyokuwa wakisema. Jumamosi zote zile alikuwa ananitetea mimi, na mimi kutoka benchini nilikuwa namchukia kwa jinsi alivyoinamisha kichwa.

Mama alichora mstari kwa ncha ya kiatu. Hakusema kitu, mstari ulijulikana. Kocha Njoroge aliuangalia, akavua kofia, akauvuka taratibu kama mtu anayevuka mtaro na viatu vya kanisani. Mama akainua mkono kumwonyesha tangi. Akaenda mwenyewe, akakaa kwenye tofali.

Mama akatoa brashi, akainama. Alifagia kile kibao muda mrefu. Kilikuwa kisafi, naona bado kilivyokuwa, cheupe kama sahani ya wageni. Alifagia kona zote, akarudia. Kisha akavaa kinyago.

Mpira uliofuata ukaja palepale. Siwezi kueleza bahati ya mchezo, lakini yule mrushaji aliurusha mahali palepale, pembeni kabisa, na mdakaji akalala ubavu uleule.  Nikasikia Mama akivuta pumzi ndani ya nyaya.

"Boli," akasema.

Ungedhani amewasha baruti. Kocha Wafula alikuja na tumbo lake, na wazazi wa upande wake wakasimama. "Refa! Hiyo ni ile ile! Sasa hivi umeita straiki, sahi ni boli? Ni juu ni mtoto wako! Sema tu ni mtoto wako!" Maneno yenyewe ndiyo hayo ambayo Mama alikuwa ameyakimbia msimu mzima, akinitumia mimi kama ngao, na sasa yalikuwa yamemfikia uso kwa uso mbele ya kanisa zima.

Alivua kinyago. Nilingoja aseme watoto kando. Hakusema. Aliniangalia, akaniacha nisimame pale, kisha akamgeukia.

"Kocha, mikono nyuma."

Akaifunga. Akasema yote, na yalikuwa mengi, mpaka akakauka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimekusikia. Ile ya kwanza nilikosea. Hii sijakosea."

 Kocha Wafula alikuwa hajawahi kusikia mwamuzi akisema vile, na nadhani hakuna aliyekuwa amesikia. Alirudi benchini kwake akitingisha kichwa, mikono bado ikihangaika nyuma ya mgongo. Nami ningependa kusema kwamba nilipiga mpira uliofuata ukavuka ua. Nilikosa. Nikakosa na uliofuata. Yote miwili ilikuwa mipira safi, katikati kabisa, na mimi nilikuwa naiona kupitia machozi. Nilitolewa, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilitolewa kwa haki. Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyofurahi.

Mechi ilipoisha Mama alijaza chai kwenye kifuniko cha thamosi, lakini badala ya kwenda mwenyewe alinipa mimi. "Mpelekee Kocha." Nikaenda hadi kwenye tangi nikiwa nimekishika kwa mikono miwili. Kocha Njoroge alikipokea, akapuliza, akanywa. Nikauliza kilichokuwa kinaniwasha.

"Kocha, ulijuaje kama unasema ukweli? Labda ni macho yako."

Alicheka kidogo. "Mama yako, mtu akisema uongo anamjibu haraka. Amekusikia, mtoto ametoka, kwisha. Lakini ukimwambia ukweli hawezi kujibu. Anachukua brashi." Akanirudishia kifuniko. "Ukimwona anafagia mahali pasafi, jua umemgusa."

Nilimwambia asante. Akasema nimsalimie Mama, ingawa Mama alikuwa palepale uwanjani akikusanya vifaa na alikuwa anatuona. Alijitolea kutupeleka na pikapu. Mama akasema leo tutatembea.

Tuliteremka polepole, begi la vifaa katikati yetu, kila mmoja ameshika mkono wake. Nyumbani nilipangusa meza, nikaweka vikombe, tukakaa pale tulipokaa kila Ijumaa. Mama alikuwa hajabadilisha nguo. Alikuwa na alama nyekundu ya kinyago kwenye paji la uso.

"Siku ya kwanza ulipoingia kupiga," akasema, "kuna mzazi alisema nyuma ya wavu, 'Sasa tutaona.' Hakusema lingine. Sikujua hata ni nani. Maneno hayo tu, Mueni, na nikaogopa." Alizungusha kikombe chake. "Kwa kazi nakaa na watu wanaoonewa kila siku. Nawasikiliza, nawapa pole. Halafu Jumamosi naenda kumwonea wangu. Pole, mama."

Akina mama wengi wa Kikamba huwaita binti zao mama, lakini siku ile niliisikia kama kwamba kweli mimi ndiye mkubwa. Nilitaka kumwambia yameisha.

"Niliona mkoba chini ya kitanda," akaendelea. "Wiki nzima nimeuona. Nikajua umeshajua, na umechoka na mimi. Kesho nilikuwa nimwambie mchungaji atafute refa mwingine."

 Ule mkoba sikuwa nimeufunga kwa ajili ya straiki. Mama naye alikuwa amekaa na ushahidi wake juma zima, akaujumlisha mwenyewe, akapata jibu lake. Tulikuwa watu wawili katika nyumba ndogo, kila mmoja anamchunguza mwenzake. Ningeweza kunyamaza, na jambo lingeishia hapo kwa amani.

"Kama kuna lingine liko kwa roho," akasema, "lisemee hapa. Nitasikiliza."

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia, lakini niliiweka mikono nyuma. Nikasema yote. Nikasema mlango wa pikapu haujaharibika. Nikasema maparachichi yalikuwa mazima, na kwamba Akinyi ameona, na shangazi wananong'ona jikoni, na mimi sitaki mtu mwingine kwa hii nyumba, sitaki, kama ni hivyo nitaenda kwa Susu nikae huko. Nikasema, "Unampenda Kocha Njoroge?" Mama alinisikiliza vile alivyowasikiliza wote, bila kunikatiza, uso wake wazi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Nilingoja aseme amenisikia. Nilingoja anijibu haraka, anicheke, aniambie mambo ya watoto, nikalale. Alinyoosha mkono akachukua kitambaa kilichokuwa kando ya vikombe, akaanza kupangusa meza. Nilikuwa nimeipangusa mwenyewe kabla hatujakaa, na hatukuwa tumemwaga hata tone. Aliipangusa kutoka kona hadi kona, akainua kikombe changu akapangusa chini yake, akakirudisha, akaanza tena upande wake, na mimi nikasimama na mikono nyuma nikiangalia zile hereni zikitikisika.

Agosti nilienda kwa Susu na nikarudi. Mwaka uliofuata Kocha Njoroge alihamishia duka lake Nakuru, na tukapata kocha mwingine, mtu wa kelele. Lakini kabla ya hayo ilikuwepo Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, baridi imepungua, Kocha Njoroge akaja akitembea kuuliza jambo dogo kuhusu zamu za wachezaji, mikono nyuma. Mama akavua kinyago ili amsikilize, akageuka upande wangu kidogo. Masikio yake yalikuwa matupu.